Mjadala: Nissan Leaf za mtumba, magari ya umeme, zipimwe betri kabla ya kupanda meli, au kila mnunuzi ajibebee msalaba wake?

Mwanzisha mada (Dar es Salaam)

Wakuu, nina hoja moja tu, naomba tusiikimbie. Gari la mtumba likitoka Japani linakaguliwa breki, taa, chasisi, na mwaka wa kutengenezwa. Kwa gari la mafuta hilo linatosha. Kwa gari la umeme mwaka haukuambii kitu. Thamani yake yote imelala chini ya sakafu, kwenye betri, na pale hakuna mkaguzi anayechungulia. Nasema TBS, shirika letu la viwango, na wenzao wa KEBS wa Kenya wadai kipimo cha afya ya betri, kiandikwe kwenye cheti, na gari ambalo betri imeshuka chini ya asilimia 70 lisipakiwe.

Naitaja Nissan Leaf kwa sababu ndiyo gari la umeme ambalo mtu wa kawaida anaweza kuliota. Limekuwa sokoni tangu Desemba 2010, usukani uko kulia, na minadani Japani yamejaa. Matoleo ya mwanzo yana betri ya kWh 24 (kWh moja ndiyo uniti moja ya umeme). Likiwa jipya kabisa lilikwenda kama km 120 kwa chaji moja, si zaidi. Betri hiyo haipozwi kwa maji kama magari mengine ya umeme, inategemea hewa tu. Mwaka 2012 wamiliki wa Arizona kule Marekani ndio walioanza kupiga kelele kwamba betri zinachoka mapema, na joto ndilo lililonyooshewa kidole. Dar haina jua la Arizona, ila joto letu halina likizo.

Watu wanavutwa na hesabu ya umeme, na siwalaumu. Uniti moja ya nyumbani, pamoja na kodi na tozo, ni kama Sh 356. Leaf inakula takriban uniti 18 kutoka ukutani kwa km 100. Hiyo ni Sh 6,400. Toyota IST ya petroli inayokunywa lita 7 kwa umbali huo huo, na petroli ikicheza karibu na elfu tatu, ni Sh 21,000. Ukiona tofauti hiyo unafumba macho, unaagiza Leaf ya 2012 kwa bei ya kutupa. Ikifika, betri iko asilimia 60. Unatoka Dar kwenda Kibaha na kurudi, umeme unaisha kabla hujafika nyumbani, halafu kuna foleni na kiyoyozi.

Wakenya wamenusurika bila kukusudia: gari lililopita miaka 8 haliingii kwao, kwa hiyo Leaf za mwanzo zimeshafungiwa mlango. Kwetu unatozwa ushuru wa uchakavu, unalipa, linaingia. Yaani serikali inachukua hela ya uchakavu bila kuupima.

Mpinzani wa vyeti

Mkuu, umeanza vizuri ukamalizia kwa kutuletea dirisha jingine la kulipia. Kila cheti kina dirisha, na kila dirisha lina mtu nyuma yake. Leo utadai asilimia 70, kesho mawakala watakuwa wanauza hiyo asilimia 70. Atakayelipa ni yule yule unayedai kumlinda.

Kuna kifaa kidogo cha Bluetooth unachomeka chini ya usukani, unafungua programu ya LeafSpy kwenye simu, unaona hali ya kila seli, yaani kila betri ndogo iliyo ndani ya ile kubwa. Mwambie muuzaji akutumie picha ya kioo cha hiyo programu. Akikataa, hama duka. Mtu mzima anayelipa mamilioni ashindwe kuomba picha?

Fundi (Ilala)

Nyote wawili mnazungumza kama vile kipimo hakidanganyi. Ngoja niwaeleze.

Dashibodi ya Leaf ina vijiti 12 vya afya ya betri. Cha kwanza hakiondoki mpaka betri iwe imepoteza kama asilimia 15. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "vijiti vyote vipo", huenda ina 98, huenda ina 86. Vikibaki 9 uko karibu na asilimia 70. Hayo ni ya kawaida. Baya ni kwamba kumbukumbu ya kompyuta ya betri inafutika. Ukiifuta, vijiti vyote 12 vinarudi vinang'aa, na hata LeafSpy itasoma vizuri kwa muda, mpaka kompyuta ijifunze upya. Hiyo picha yako ya kwenye simu, ndugu Mpinzani, inatengenezeka kwa dakika chache.

Kisichodanganyika ni nishati yenyewe. Shusha betri mpaka karibu na sifuri, ichaji mpaka ijae kwenye mashine yenye mita, soma uniti zilizoingia. Betri ya kWh 24 ikimeza uniti 14, hakuna maelezo mengine. Cheti kikija, kiandike uniti zilizoingia. Asilimia ya kompyuta wabaki nayo.

Sasa matengenezo, maana hapo ndipo watu wanatishana bure. Betri ya Leaf za mwanzo si tofali moja. Ndani kuna moduli 48, yaani vifurushi, kila kimoja kina seli 4. Mara nyingi inayoua gari ni moduli moja au mbili dhaifu zinazozivuta nyingine chini. Unaishusha betri, karibu kilo 300 hiyo, unaifungua, unatoa iliyochoka, unaweka yenye hali inayofanana na zilizobaki. Siyo mpya! Ukiweka mpya katikati ya zilizochoka hujatibu kitu. Kazi hii inafanyika, na New Zealand, ambako Leaf za mtumba kutoka Japani ni nyingi, mafundi wake wamefika mbali kuliko sisi.

Ila pale ndani kuna volti zaidi ya 350 za mkondo mnyoofu. Hizo zinaua. Kabla ya kugusa nyaya za rangi ya chungwa unachomoa plagi ya usalama, unasubiri, unapima, unavaa glavu za volti 1000. Nimeona vijana wanaingia chini na bisibisi na tochi mdomoni. Kama serikali inataka kudhibiti kitu, ianzie hapo, iwafundishe hawa.

Dereva (Mombasa)

Mimi naendesha Leaf ya kWh 40, zile zilizoanza mwishoni mwa 2017. Ndugu zangu, gereji wamenisahau. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna mkanda. Pedi za breki zinadumu ajabu kwa sababu ukiachia mguu mota yenyewe inapunguza mwendo na kurudisha umeme. Kinachokula pesa ni tairi, gari ni zito na mota ina nguvu, na bushi za mbele kwa sababu ya matuta yetu. Halafu betri ndogo ya volti 12, ile ya kawaida. Ikifa, gari zima linagoma na unaweza kulia ukidhani betri kubwa imekufa.

Tangu 2023 Kenya ina bei maalumu ya umeme wa magari, na usiku inashuka hadi nusu. Lakini ili uipate lazima uwekewe mita yake. Mimi ni mpangaji, landilodi hataki kusikia, kwa hivyo naichajia bei ya nyumba.

Jambo moja lanisumbua. Nairobi kulikuwa na teksi za NopeaRide, zote za umeme, Leaf nyingi, zilianza 2018. Mwaka 2022 zikafungwa. Watu wakasema "mwaona, umeme umeshindwa". Si gari lililoshindwa: kampuni mama ya Finland, EkoRent, ndiyo iliyofilisika. Tukibishana tutenganishe gari na mfuko wa mwenye gari.

Wa gesi

Funga mfumo wa gesi asilia kwenye gari kwa kama milioni mbili, endelea na IST yako, fundi yupo kila kona. Foleni ya kujaza nakubali ni mateso. Lakini hakuna anayeuliza moduli 48.

Dada wa bima

Naomba niingize lililosahaulika. Ninyi mnahesabu matengenezo ya kuchakaa, mimi nahesabu ya ajali.

Mnakumbuka Hertz? Kampuni ile ya Marekani ya kukodisha magari ilitangaza mwaka 2021 kuagiza Tesla 100,000. Januari 2024 ikatangaza kuuza magari ya umeme yapatayo 20,000, na gharama za kutengeneza yaliyogongwa ilizitaja waziwazi kuwa sababu. Hao wana mafundi, wana spea, wana kila kitu.

Kwetu gari likigongwa chini, sanduku la betri likabonyea kidogo tu, mkadiriaji anafanya nini? Hana wa kumwandikia kwamba betri iko salama. Hana bei ya spea. Njia nyepesi ni kuandika gari limekwisha, na hesabu hiyo inarudi kwenye bima kubwa ya kila mwenye gari la umeme mwaka unaofuata. Cheti cha bandarini mnachogombania kingenisaidia hata mimi, kwa sababu ningejua nilikatia bima betri ya namna gani. Leo mteja analeta Leaf yenye betri nusu, anataka nimlipe thamani ya nzima, na sina pa kumshika.

Kijana wa magari mapya

Wakubwa, mnapigana juu ya gari la 2012 wakati dunia imehama. BYD wa China waliingiza gari lao la umeme, Atto 3, Nairobi mwaka 2024, betri yake ni ya chuma na fosfeti, inavumilia joto na kuchajiwa mara nyingi kuliko zile za Leaf. Hata Nissan wenyewe wametoa Leaf ya tatu mwaka 2025, na safari hii betri inapozwa kwa maji. Yaani wamekubali kimyakimya kile watu wa Arizona walichokuwa wanalalamikia. Bei za betri nazo zinaporomoka: kwa hesabu ya BloombergNEF, watafiti wa soko la nishati, wastani wa dunia mwaka 2024 ulikuwa dola 115 kwa kWh. Zidisha kwa 40, ni dola 4,600. Miaka mitano ijayo mtanunua betri mpya kama mnavyonunua injini ya mtumba.

Fundi (Ilala)

Kijana, hiyo 115 ni ya kiwandani, kwa mnunuzi wa mamia ya maelfu. Wewe unayetaka betri moja hupewi bei hiyo. Isitoshe betri ya lithiamu inasafirishwa kama mzigo wa hatari, na iliyoharibika meli nyingi hazitaki kuigusa. Ndiyo maana sisi tunapata moduli kwa kununua Leaf zilizogongwa na kuzichinja.

Halafu hayo mapya yana ugonjwa wake, na mimi naogopa ugonjwa huo kuliko joto. Unabadilisha kifaa, gari linakikataa mpaka kompyuta ya kiwanda ikitambue. Fisker, kampuni ya magari ya umeme ya Marekani, walifilisika Juni 2024, wenye magari wakabaki wanatafuta spea na masasisho ya programu wenyewe. Unaponunua modeli mpya ya kampuni changa unanunua na uhai wa kampuni. Leaf ya zamani angalau inafunguka.

Mpinzani wa vyeti

Haya, tuseme nimekubali mita badala ya picha. Nani analipa? Kumaliza betri na kuijaza si dakika tano.

Mwanzisha mada (Dar es Salaam)

Kwenye chaja ya haraka, na Japani zimetapakaa, ni ndani ya saa moja au zaidi kidogo kwa betri ndogo hizi. Alipe muuzaji, aongeze kwenye bei. Nalipa kwa furaha elfu kadhaa za kujua kuliko milioni za kukisia.

Na hoja ya rushwa siidharau, lakini ukiifuata hadi mwisho usingekagua hata breki. Uniti zikiandikwa kwenye cheti, mimi nikifika nyumbani nachomeka kwenye mita yangu ya LUKU, nahakiki mwenyewe. Nikikuta tofauti kubwa nina karatasi ya kwenda nayo kwa muuzaji. Cheti cha breki huwezi kukihakiki hivyo jikoni kwako.

Fundi, la mafunzo nimelichukua, liingie kwenye hoja. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, waanze hata na kozi fupi ya usalama wa volti kubwa.

Mama wa Tegeta

Samahanini, mimi nawasoma tangu mwanzo na moyo unanienda mbio. Leaf yangu ya 2013 imeshalipiwa, iko baharini. Vijiti 11, nimeambiwa. Matumizi yangu ni Tegeta–Mwenge na shule ya watoto. Nifanyeje?

Fundi (Ilala)

Mama, usiogope. Kama hivyo vijiti 11 ni vya kweli, kwa safari hiyo inakutosha na chenji inabaki. Kabla haijafika, mwite fundi umeme wa nyumba akukagulie athi, ule waya wa ardhini, siyo kwa macho, apime. Nyumba nyingi athi ni ya jina tu, na kebo ya chaji inaikagua kabla ya kuruhusu umeme. Isipoiona, hailishi gari. Soketi iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye mita, usiunganishe na pasi wala friji. Ikifika, usiiegeshe juani ikiwa imejaa mpaka juu. Jaza asilimia 80 siku za kawaida. Wiki ya kwanza endesha mpaka ibaki chini ya 10, ijaze usiku kucha, andika uniti zilizoingia. Zikifika 18 na kuendelea, niletee tu tairi. Zikiwa 14, niletee gari, na muuzaji usimfute kwenye simu.