Prästänkan (1920): icheze kwa kasi gani, na manukuu ya Kiswahili yakae wapi?

Kibanda_Umiza
Wakuu, habari za mida hii. Klabu yetu inaandaa onyesho la filamu bubu na tumechagua Prästänkan ya Carl Theodor Dreyer, ile vichekesho ya mjane wa mchungaji. Nimekwama hapa: nakala moja ina dakika 71, nyingine dakika 94. Ile fupi imekatwa, au vipi? Pili, manukuu (subtitles) ya Kiswahili yakae wapi wakati maandishi ya Kiswidi yanajaza skrini nzima? Tatu, kwenye karatasi ya ratiba tuandike ni filamu ya Norwei au ya Sweden? Hadithi ni ya Mnorwei, picha zilipigwa Norwei, lakini kampuni siyo.

Fremu18
Mkuu, usiseme imekatwa kabla hujaangalia kasi. Enzi zile kamera zilizungushwa kwa mkono, na hii inakaa vizuri kwenye fremu (picha moja moja za filamu) 18 hivi kwa sekunde. Ukiicheza kwa 24, kasi ya filamu za sauti, inafupika bila kupoteza hata onyesho moja. Piga hesabu: 94 mara 18 gawa kwa 24 ni dakika 70 na nusu. Tofauti yako yote imeishia hapo.

Kuhakikisha, fungua faili kwenye VLC, programu ya kuchezea video, simamisha mahali mtu anatembea, halafu bonyeza E kusogeza fremu moja moja. Kama katika kila fremu nne moja ni marudio ya iliyoitangulia, hiyo nakala imesharekebishwa kutoka 18 kwenda 24, iache ilivyo. Kama kila fremu ina mwendo mpya na watu wanakimbiakimbia, shusha kasi hadi 0.75. Kosa la kawaida ni kushusha nakala iliyokwisha kurekebishwa: watu wanatembea kama wako chini ya maji. Ukishusha kasi, zima na sauti ya faili, maana muziki nao unaburuzika.

Na usidhani ni jambo dogo. Hildur Carlberg anayecheza mjane, Bi Margarete, alikuwa na miaka 76, na alifariki Agosti 1920, kabla filamu haijaonyeshwa Oktoba. Mwendo wake mzito ndio nusu ya kichekesho: Söfren, mchungaji kijana aliyemwoa, anasubiri afe, na bibi hana haraka. Kwa fremu 24 bibi anatembea kama msichana, utani wote unayeyuka.

Mhariri_wa_SRT
Kwenye manukuu: usifunike maandishi ya Kiswidi. Yaweke chini kabisa, mistari miwili, herufi zisizozidi 40 kwa mstari. Kadiria herufi 13 au 14 kwa sekunde, kwa hiyo mistari miwili iliyojaa inataka sekunde sita. Maandishi yakitoweka kabla ya hapo, fupisha sentensi yako. Usiache manukuu yaingie kwenye picha inayofuata, kwa sababu Dreyer anapenda kukata kutoka kwenye maandishi moja kwa moja hadi uso wa mtu, na jibu la utani liko kwenye huo uso.

Tahadhari mbili. Ukibadilisha kasi ndani ya VLC, manukuu yanafuata yenyewe. Lakini ukitengeneza faili jipya la kasi ndogo, zidisha kila muda kwa 1.333, yaani kilichokuwa dakika ya 30 kinahamia dakika ya 40. Watu husogeza manukuu yote kwa sekunde kadhaa mbele, mwanzo unakaa sawa, kufika katikati yamepotea kabisa. Pia hifadhi faili kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi. Ukiona jina la kijana linasomeka SÃ¶fren badala ya Söfren, ujue programu inasoma faili kwa mfumo mwingine wa herufi.

Rafu_ya_Juu
Andikeni: "Sweden, 1920. Imepigwa picha Lillehammer, Norwei." Kampuni ni Svensk Filmindustri, muongozaji na mpigapicha wake George Schnéevoigt ni Wadenmark, na hadithi ni ya Kristofer Janson, Mnorwei. Mahali ni Maihaugen, makumbusho ya nyumba za kale alizokusanya daktari wa meno Anders Sandvig. Zile dari za chini na kuta za magogo si seti za studio. Mkitaka ya Dreyer ambayo kampuni nayo ni ya Norwei, ipo Glomdalsbruden ya 1926, ila hiyo haichekeshi kama hii.

La muhimu kuliko uraia wa filamu: dakika mbili kabla ya kuanza, waelezeni watu desturi yenyewe. Katika Denmark na Norwei ya zamani, nyumba ya mchungaji ilikuwa ya usharika. Mchungaji akifa, mjane anabaki hana pa kukaa wala pensheni, na njia moja ya kumtunza ilikuwa mchungaji mpya amwoe. Margarete ameshazika waume watatu kwa mtindo huo. Asiyejua hili ataona ni bibi mwenye tamaa tu, na sehemu ya mwisho haitamgusa.

Kibanda_Umiza
Nimewapata, asanteni. Kuna wanaotaka msimuliaji wa papo kwa papo, kama kwenye vibanda vya video. Mnaonaje?

Rafu_ya_Juu
Nusu ya kwanza, sawa. Mashindano ya mahubiri ya kugombea kazi ya uchungaji yanabeba usimuliaji vizuri: mmoja anawalaza waumini usingizi, mwingine anahubiri na unyoya kichwani aliochomekewa na Söfren. Hata pale kijana anapojivika ushetani ili kumtisha bibi, msimuliaji anaweza kutamba. Ila Mari, mchumba ambaye Söfren amemtambulisha kama dada yake, akishaanguka kutoka kwenye ngazi ya darini, msimuliaji anyamaze. Kuanzia hapo bibi ndiye anayemuuguza, na filamu inageuka polepole hadi unagundua ulikuwa unamcheka mtu asiyestahili. Utani wa kipazasauti hapo unaharibu kazi yote. Manukuu yanatosha, hata lile agizo la bibi kwamba akifa watundike kiatu cha farasi mlangoni na kumwaga mbegu za kitani ili asirudi kama mzimu. Watu watacheka wenyewe kidogo, waacheni.

Fremu18
Naongezea muziki: ala moja au mbili zinatosha, na mpigaji aitazame filamu nzima kwa kasi ileile mtakayotumia siku ya onyesho. Akifanya mazoezi na ile ya dakika 71, atakuwa mbele kwa zaidi ya dakika ishirini.

Mhariri_wa_SRT
Na kama mnacheza kwa flashi kwenye projekta badala ya kompyuta, faili la manukuu lipewe jina lilelile la video, mfano prastankan.mp4 na prastankan.srt, kwenye folda moja. Projekta nyingi hazina sehemu ya kuchagua kasi, kwa hiyo chukueni nakala iliyorekebishwa tayari. Jaribuni dakika ya kwanza, ya 45 na ya mwisho. Manukuu yakikaa sawa hapo kote, hayatahama tena.