Kiti cha Nakuru Town tangu 2002

Wadau, nani anakumbuka wabunge wa Nakuru Town wakifuatana tangu 2002 na vyama vyao?

Wa Bondeni: 2002 Mirugi Kariuki na NARC, akafa kwa ile ajali ya ndege Marsabit Aprili 2006, uchaguzi mdogo kijana wake William akachukua na Narc-Kenya, 2007 Lee Kinyanjui wa PNU, huyo huyo aliyekuja kuwa gavana 2017.

Mama Shabab: Halafu 2013 hiyo constituency ikakatwa mara mbili, Mashariki na Magharibi. Huku Magharibi Samuel Arama aliingia na ODM, 2017 akarudi na Jubilee. Sisi tunaangalia mtu, si chama, bana!

Kaptembwo Juu: Mtu gani? Huku wapangaji wametoka kila kona ya Kenya, hakuna chama kinakosa kura zake.