Kanzidata haijifii, inauawa! Wauza seva, "izime uiwashe" imetosha

Wakuu, nimevumilia wiki tatu, leo natema.

Mie nipo Tanga mjini. Kuna mama mmoja hapa Ngamiani nimemtengenezea mfumo wa mauzo wa maduka yake manne: mawili mjini, moja Muheza, moja Korogwe. Seva tumekodi kwa kampuni ya humu humu nchini, jina naliacha. Linux, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 2 GB, PHP inayoendesha mfumo na MariaDB, yaani kanzidata inayotunza taarifa za mauzo, wamezipanga wenyewe.

Asubuhi mfumo safi, mchana safi. Jioni maduka yakianza kufunga hesabu, chali. Siku moja nilikuwepo dukani: mama kaweka daftari mapajani, vijana wawili wamesimama na fedha mkononi hawajui wamkabidhi vipi, magharibi inaingia. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mie nirudi kwenye daftari langu?" Sikuwa na la kumjibu.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Jibu: izime uiwashe. Kesho yake: izime uiwashe. Siku ya tatu wakanambia kanzidata yangu imeharibika, kisa logi yake (rekodi ya matukio) inaonyesha inajirekebisha kila inapowaka. Jamani! Programu iliyokatwa na signali 9, amri ya kuua papo hapo, haipewi hata nafasi ya kuandika neno la mwisho. Ikiwaka tena lazima ijirekebishe. Hiyo ni alama ya kuuawa, siyo ugonjwa.

Wakanitumia na picha ya `free -h`, amri ya kupima RAM, kuonyesha RAM ya bure ipo tele. Wameipiga saa 2 asubuhi! Sie watu wa pwani, ukitaka kujua maji yanafika wapi unapima bamvua yanapojaa sana, hupimi maji mafu.

Halafu wakaniuzia kifurushi cha 4 GB. Mama akalipa mara mbili ya alichokuwa akilipa. Siku ya nne, chali vile vile.

Hapo nikaacha kuwasikiliza, nikaingia mwenyewe. `journalctl -k`, amri ya kusoma logi ya kerneli (kiini cha Linux), nikatafuta neno oom, yaani "out of memory", RAM imeisha. Mstari huu hapa: "Out of memory: Killed process", kisha namba, kisha jina mariadbd, ndiyo MariaDB yenyewe. Saa 14:52. Wao walitafuta saa 12 jioni wakasema hakuna kitu, kumbe saa ya seva ni UTC, iliyo nyuma ya saa yetu. Ongeza saa 3, unapata 17:52, yaani saa 11:52 jioni, wakati ule ule Korogwe wanapofunga.

Na hapa ndipo paliponiuma zaidi, kwa sababu MariaDB haikuwa na kosa. Kerneli ikiishiwa RAM huchagua prosesi (programu inayoendelea kufanya kazi) ya kuua, na inachoangalia zaidi ni nani peke yake kashika RAM nyingi. MariaDB ilikuwa imeshika kama GB 1, kiasi kile kile walichoipangia wao. Waliokula zilizobaki ni PHP. Kwenye usanidi wao `pm.max_children`, idadi ya juu ya prosesi za PHP kwa wakati mmoja, ni 50, na kwangu kila prosesi ya PHP ilikuwa inakula kama MB 60. Piga hesabu: 50 mara 60 ni MB 3,000, bado hujaongeza ile GB 1 ya MariaDB. Ripoti ya jioni ni nzito, mtu akiona inachelewa anabonyeza tena, na kila mbonyezo unaamsha prosesi nyingine. Mmoja mmoja wadogo, kerneli haiwaoni. Anakufa mkubwa aliyekaa kimya. Swapu nayo, nafasi ya diski ya kusaidia RAM ikijaa, hawakuweka hata MB 1.

Kwa hiyo 4 GB isingetosha kamwe, na mtu mwenye karatasi na kalamu angeliona hilo kabla ya kupokea fedha ya yule mama.

Nimeshusha `max_children` hadi 10, kanzidata nimeiachia MB 512, nimetengeneza faili la swapu la 2 GB, na kwenye systemd, msimamizi wa huduma za Linux, nimeiwekea MariaDB `OOMScoreAdjust=-600` ili isiwe ya kwanza kuchinjwa. Ripoti nayo nimeiandika upya isibebe mwaka mzima kwa mpigo. Hiyo sehemu ilikuwa yangu na nimeibeba. Tumerudi kwenye 2 GB. Leo siku ya tisa, haijaanguka.

Mliokodi seva iliyokuja imepangwa tayari, angalieni hiyo 50 ya `max_children` leo. Msisome safu ya free kwenye `free -h`, someni available, yaani RAM inayoweza kutumika kweli, na msome saa ile ile mnayopata shida. Mkiona `systemctl status` imeandika oom-kill, msikubali kuambiwa kanzidata mbovu.

Na nyie wenye kampuni, najua mnapita humu. Nimewaandikia nikidai mrudishe tofauti ya fedha ya mama na mbadilishe ule usanidi, maana mteja anayekuja kesho atapewa ule ule. Siku sita hamjajibu. Tiketi bado ipo wazi.