Kaliba (kipenyo cha risasi) gani kwa swala, ngiri na pofu: .243, .30-06 au .375?

Fundi wa Igoma

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Igoma, Mwanza, nauza vipuri vya magari. Maombi yangu ya silaha yamepita mtaa na kata, sasa yapo polisi wilaya, kwa hiyo nimeanza kuulizia bunduki ya kuwindia.

Shemeji yangu anaishi Pennsylvania, Marekani. Msimu wa kulungu wao wale wa mkia mweupe ukifika, Novemba mwishoni, humkuti nyumbani. Ananiambia nichukue .243 Winchester: haiumizi bega, inalenga vizuri, na kulungu halalamiki. Mjomba huku Magu kasikia akacheka, anasema .375 ndiyo bunduki, nyingine za kufukuzia kunguru. Mimi nalenga swala pala na ngiri, na leseni ikipatikana, pofu. Nimezoea shotigani ya marehemu baba tu. Nimsikilize nani? Nawasilisha.

Mtoto wa Mwaloni

Mjomba yuko sahihi mkuu. Beba .375, yote yameisha hapo. Mwenye kikubwa hakosi cha kidogo.

Babu Kisesa

Hapana, hayajaisha.

Nimefuatana na wawindaji miaka mingi upande wa Maswa, kazi yangu kusoma nyayo. Sikuwa mpigaji. Mimi ndiye niliyetumwa kumtafuta mnyama baada ya mpigaji kusema "nimempata". Kwa hiyo bunduki nazijua kwa kile zinachoacha ardhini.

Fundi, shemeji yako anasemea msitu wake, na kwa msitu wake yuko sawa. Kulungu wa kule na swala pala dume wetu hawapishani mno kwa uzito. Risasi ya .243 ya gramu sita na nusu ikipita nyuma ya bega, swala haendi mbali. Shida yake naijua mimi niliyeinama: mara nyingi haitokei upande wa pili, damu inabaki ndani, na wewe unabaki na kwato kwenye majani makavu. Na pofu je? Dume lake linaweza kufika kilo 900. Kwa huyo hiyo .243 iache nyumbani.

Sasa .375. Holland & Holland watengeneza bunduki wa London waliitoa 1912 na mpaka leo haijazeeka. Ukitaka nyati, sheria hapa haikuruhusu kushuka chini yake. Ila inapiga bega karibu mara mbili ya .30-06, na risasi zake ni ghali, kwa hiyo mwenye nayo hafanyi mazoezi. Nimewatazama watu wakiwa nyuma ya bunduki hiyo: risasi ya tatu, jicho linafumba kabla kidole hakijavuta. Vumbi linaruka mbele ya miguu ya mnyama, halafu lawama inakwenda kwa darubini ya kulengea.

Damu ya mapafu inang'aa, ina mapovu, unaikuta imepakwa kwenye majani usawa wa ubavu wa mnyama. Fuata tu, yuko karibu. Ukikuta nyeusi yenye chembe za majani yaliyotafunwa, imepita tumboni. Hapo kaa chini, usimkimbize, maana ukimwamsha utalala porini. Mtu wa .375 aliyefumba jicho ndiye aliyenipa damu nyeusi nyingi kuliko wote.

Ushauri wangu ni .30-06, risasi ya gramu kumi na mbili hivi, ncha laini ili ipanuke ndani. Swala, ngiri, kongoni, wote wamo. Pofu pia, lakini risasi iwe imara, umsogelee, na akikupa mgongo umwache aende. Zile ngumu zisizopanuka waachie wenye nyati.

Mama Nyegezi

Babu shikamoo. Naongeza moja. Mume wangu ana .308, na kuna jamaa alitaka kumuuzia risasi za .30-06 akisema ni zile zile kwa kuwa kipenyo cha risasi ni kimoja. Kipenyo ni kimoja kweli, ganda la baruti silo, la .308 ni fupi. Fundi, soma maandishi kwenye mtutu, halafu soma kwenye boksi. Na kabla hujalipia bunduki, muulize mwenye duka risasi zipi hazimwishii.

Babu Kisesa

Marahaba mwanangu. Hilo la duka ningelisahau. Akisema .308 ndiyo anayo muda wote, Fundi chukua .308, mnyama hataona tofauti.

Fundi wa Igoma

Shikamoo babu, asanteni sana. Darubini ikoje? Na bunduki niiweke sawa, yaani ipige pale ninapolenga, kwa umbali gani?

Babu Kisesa

Marahaba. Inayokuza mara nne inatosha, pesa inayobaki inunue risasi za mazoezi. Anzia mita 100, bunduki juu ya mfuko wa mchanga, mpaka matundu yakae pamoja. Kisha iweke sawa kwa mita 200. Ukiiweka hivyo, kwenye 300 risasi ya .30-06 inakuwa imeshuka zaidi ya sentimita 20, unalenga moyo unavunja mguu. Kwa hiyo 300 usijaribu, sogea. Na mwenzako akikuambia mtamulika usiku kutoka kwenye gari, mshushe wewe kwanza, hilo ni kosa na bunduki itabaki polisi.