Mrejesho: mama aliyevimba shingo baada ya kutolewa goita

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu mama, alitolewa goita, siku ya 3 shingo ikavimba na homa ikapanda, mi nikadhani ni kawaida ya kidonda. Asanteni sana mliosema mrudishe hospitali leo leo, maana haikuwa kawaida kabisa. Maumivu yalikuwa makali kuliko kidonda kilivyoonekana, ngozi imeanza kuwa ya zambarau, ukibonyeza unasikia kama vipovu vya hewa chini yake. Wakampiga siti skani (picha za ndani ya mwili), wakasema bakteria wanaua nyama za chini ya ngozi na tukichelewa inateremka mpaka kifuani, jamani nilitetemeka. Hawakungoja asubuhi, usiku ule ule wakamwingiza chumba cha upasuaji wakakata nyama yote iliyokufa, kesho yake wakarudia tena, na antibayotiki za mshipani juu yake. Kumbe na sukari anayo, iko juu, na hakuna aliyekuwa anajua! Siku 9 ICU (wodi ya wagonjwa mahututi). Jana amekunywa uji mwenyewe. Kidonda bado kiko wazi kinasafishwa kila siku, kikitulia watapandikiza ngozi ya pajani.