Krenki za baiskeli ya zamani: nibaki na kotapini au nihamie ekseli ya mraba?

MwendoPole: Wakuu, habari zenu. Nina baiskeli ya chuma ya zamani, fremu bado nzima. Krenki, ile mikono ya pedali, ni za kotapini, yaani zimefungwa kwenye ekseli kwa pini ya kabari, na ya kushoto inacheza kila nikikanyaga kwa nguvu. Nafikiria kubadilisha pini tu, au niweke katriji (ekseli na gololi zake vikiwa kipande kimoja kilichofungwa) ya ekseli yenye ncha za mraba na krenki za alumini, au niende moja kwa moja kwenye Hollowtech II, ule mfumo wa Shimano wa ekseli nene yenye uwazi ndani. Nataka kununua wiki hii. Ipi bora?

Gololi11: Baiskeli gani? Bomba la krenki, lile la fremu ambamo ekseli inapita, lina upana gani? Nyuma gia ngapi? Bila hayo tunabahatisha tu, na hela ni yako.

MkonoWaGrisi: Ekseli ya mraba, basi. Katriji imefungwa, vumbi na maji haviingii kirahisi, unaisahau kwa miaka. Krenki za alumini ni nyepesi na zinapatikana kwa urefu wowote utakao, 165, 170, 175 mm.

ChumaHakifi: Mkuu, usikimbilie kutupa kotapini. Ikicheza, mara nyingi ni pini imelika au fundi kaweka ya saizi nyingine. Za Kiingereza nyingi ni 9.5 mm, za Kifaransa na Kiitaliano kwa kawaida 9 mm. Ukiweka ya 9 kwenye tundu la 9.5, nati utaikaza mpaka ikatike na krenki bado inacheza. Pini isukumwe kwa presi kwanza, nati ni ya kuishikilia tu. Halafu angalia zikae kinyume: krenki zikiwa zimelala, nati moja juu, nyingine chini.

MwendoPole: Asanteni. Ni Raleigh, gia tatu za ndani ya habu (kitovu cha gurudumu la nyuma). Bomba nimelipima kwa rula, kama 71 mm.

Gololi11: Hapo sasa! Usinunue chochote kwanza. Katriji ya kawaida ya Kiingereza ina tredi (mistari ya skrubu) 24 kwa inchi, na bomba lake ni 68 mm. Raleigh walikuwa na tredi zao wenyewe, 26 kwa inchi, na bomba la 71 au 76 mm.

Kaka yangu alipeleka fremu kama hiyo kwenye karakana moja. Akaambiwa katriji itaingia, kipenyo si kinalingana? Kweli iliingia mizunguko michache, ikagoma. Badala ya kuitoa, yule fundi akaongeza bomba kwenye mpini wa spana akavuta. Ilipotoka ilitoka na vipande vya tredi za fremu. Vikombe vya zamani, vile vya tredi vinavyobeba gololi pande mbili za bomba, navyo havikushika tena. Ikabidi atafute katriji isiyo na tredi, ile inayojibana yenyewe ndani ya bomba, na kila baada ya muda inalegea anaikaza upya. Fremu nzuri kabisa, rangi yake ya asili. Bado inaniuma.

ChumaHakifi: Njia ipo. Baki na vikombe vyako vya Raleigh, badilisha ekseli tu, weka ya mraba yenye urefu unaofaa, gololi 11 za robo inchi kila upande. Tredi huzigusi.

MkonoWaGrisi: Sawa, ila apime mstari wa mnyororo, yaani gia ya mbele na ya nyuma zilingane, na apake grisi kwenye mraba kabla ya kufunga krenki.

ChumaHakifi: Grisi kwenye mraba hapana! Krenki ya alumini inapanda zaidi kila ukikaza, mwisho inapasuka. Ifunge kavu.

MkonoWaGrisi: Inapasuka kwa kukaza kupita kiasi. Tumia spana ya kupimia nguvu, 35 hadi 45 Nm, grisi haina kosa. Bila grisi ndiyo zile krenki zinazolia kila mzunguko.

Gololi11: Mnamwacha mwenye mada. MwendoPole, hiyo 71 ni ya rula. Tafuta kalipa, ina usahihi kuliko rula, na toa kikombe cha kushoto uhesabu tredi.

MwendoPole: Cha kushoto kimetoka, tredi nazihesabu kesho kukiwa na mwanga. Cha kulia hakisogei hata kidogo.

ChumaHakifi: Unakizungusha upande gani? Cha kulia cha Kiingereza kinalegea kwa kufuata mshale wa saa.

MkonoWaGrisi: Mimi ningekiacha humo humo, nikisafishe na kukikagua kwa tochi. Kama njia ya gololi haina vishimo, unakitoa cha nini?

ChumaHakifi: Na kutu nyuma yake utaionaje?