Maji ya Maun
Kikundi: Familia ya Katuba

Yaya Bea, 06:12
Bapendwa, muamke. Serge ametuma picha toka Maun, kule Botswana. Muangalie ule mti: jana maji ilikuwa hatua kumi mbali, leo imegusa mizizi.

Yaya Bea, 06:13
Tofali zake 4000 ziko pale kwenye mchanga wa mto, hazijachomwa. Tofali mbichi ikilowa inarudia udongo. Anatafuta dola 120 za lori mbele ya siku ya posho.

Yaya Bea, 07:50
Ninaona mumesoma. Mujibu.

Fiston, 08:40
Mvua imenyesha wapi? Juni hii hata hapa Lubumbashi ni vumbi tu.

Yaya Bea, 08:41
Fiston, haiko mvua ya kule. Ni ile ya milima ya Angola, ya Desemba mpaka Machi. Inashuka na mito ya Cubango na Cuito, inapita Namibia, zaidi ya kilomita 1000. Kule Okavango inchi ni tambarare, maji inatambaa ndani ya mafunjo. Inafika Maun mbingu ikiwa safi kabisa. Baharini haifiki, jua na majani vinaimaliza.

Fiston, 08:44
Basi ni kama Mjomba Kalenga! Alitoka Kolwezi Noeli, akafika Pasaka 😂😂

Mjomba Kalenga, 08:45
Gari ilikufa Likasi! 😂

Junior, 08:47
😂😂😂

Yaya Bea, 08:48
Lori, bapendwa. LORI.

Tantine Odette, 12:05
Kwanza hesabu ya mabati. Nilitoa, mpaka leo sijaona hata msumari.

Yaya Bea, 12:06
Tantine, ile pesa haikupita mkononi mwangu. Unajua ilikuwa kwa nani.

Mjomba Kalenga, 12:20
Tusianze tena.

Baba Mukubwa, 17:31
Serge ndiye alilipa sanduku ya kuzika mama yenu. Hakuuliza mtu hesabu. Mimi natoa 30.

Tantine Odette, 20:52
Ndiyo, Baba Mukubwa. Naleta 20 kesho. Mabati tutaizungumza.

Yaya Bea, 20:53
Na 25 yangu, ni 75. Junior, wewe uko karibu na pale wanatuma pesa. Utapita kwa Tantine saa ngapi?

Yaya Bea, 21:40
Serge anasema safu ya chini imelowa. Junior?

Junior, 23:15
Yaya, nilikuwa kazini. Tunatuma 75 ao tunangojea zingine?